Saturn V ya Estes 1/100, seti ya zamani: bomba limebonyea, mnara haumo, ngozi zimepasuka. Vipande nitapata wapi?

Mwale24

Habari wakuu. Nina seti ya zamani ya kuunda roketi ya mfano inayoruka, Saturn V (ile iliyopeleka wanaanga mwezini) ya kampuni ya Estes, kwa kipimo cha 1/100 ya ile halisi, na haijakamilika. Toleo hili lilishaondolewa sokoni, na maelekezo niliyonayo yana kurasa mbili tu. Hali ya vipande iko hivi.

Bomba kubwa la chini limebonyea sm 9 kutoka mkiani. Mkunjo umeingia ndani kama mm 6 na tabaka la juu la karatasi limechanika. Bomba jembamba la juu ni zima. Nikipima kwa kalipa, kubwa linanipa kati ya mm 98 na 101 kutegemea ninaposhika, jembamba mm 66. Ngozi za plastiki zenye mbavu, zile za kuzungushia bomba, mbili zimepasuka na moja haimo kabisa. Chombo cha wanaanga kimo, mnara wake wa dharura haumo. Pete moja ya kushikia bomba la mota imevunjika vipande vitatu. Lastiki ya kuunganishia pua na mwili inakatika ukiigusa tu. Parachuti za plastiki zimegandana kwenye mikunjo. Chini ya boksi kuna mota mbili za baruti za D12-3 (hiyo 3 ni sekunde za kusubiri kabla ya kufungua parachuti), nazo za zamani vilevile.

Nataka iruke, si pambo la kabatini. Bomba la kipimo hiki bado linauzwa? Ngozi na mnara ninunue au nitengeneze? Na nikishabadilisha hivyo vyote, itaruka wima? Niko Ohio, kwa hiyo kuagiza ndani ya Marekani si shida.

FundiKalipa

Mkuu, usitafute "vipande vya Saturn V". Ukiandika jina hilo utaletewa seti nzima za wakusanyaji, kwa bei ya kuruka. Tafuta namba ya bomba. Seti zinaondolewa sokoni, lakini vipenyo vya mabomba ya Estes ni vilevile tangu enzi hizo, na karibu kila pua, pete na kiungo hupewa namba kufuatana na bomba kinamoingia.

Bomba lako kubwa ni BT-101 (BT ni "body tube", bomba la mwili): nje inchi 3.938 (mm 100.0), ndani inchi 3.896 (mm 99.0). Jembamba ni BT-80: nje mm 66.0, ndani mm 65.0. Vipimo hivyo havikuokotwa tu. Saturn V halisi ilikuwa na kipenyo cha mita 10.06 kwenye hatua mbili za chini na mita 6.6 kwenye hatua ya tatu. Gawa kwa 100 uone. Bomba la mota, maadamu ni ya D12, litakuwa BT-50: nje mm 24.8, ndani mm 24.1.

Hiyo kalipa inakudanganya kwa sababu bomba la karatasi lenye upana huo hubonyea ukilishika. Zungushia ukanda wa karatasi sehemu isiyo na dosari, tia alama mwisho unapokutana na mwanzo, pima kwa rula, ugawe kwa 3.1416. Ukipata mm 314 ni BT-101.

Sasa mtego wenyewe. Kuna mabomba ya roketi kubwa yenye nje inchi 4.00 na ndani inchi 3.90. Wengi huona "3.9" wakaagiza. Pete zitaingia vizuri, kwa kuwa ndani yamekaribiana sana. Tatizo liko nje: kipenyo kimezidi mm 1.6, mzingo umezidi mm 5, na ngozi zako hazitafunga. Zitaacha pengo la mm 5 kwenye mshono. Halafu kuna uzito. Ukuta wa BT-101 ni kama nusu milimita, wa lile lingine ni mm 1.27. Kwa hesabu yangu kila sm 10 ya BT-101 ni gramu 13 hivi, ya lile nene ni zaidi ya gramu 30. Ukibadilisha sm 40 umeongeza gramu 75, na zote zimekaa nusu ya nyuma, mahali ambapo hutaki uzito hata kidogo.

Pa kununua: eRockets, ambao ndio wanaoendeleza jina la Semroc, watengenezaji wa roketi za mfano, na Balsa Machining Service, hao ndio wa kwanza kuulizwa ukitafuta mabomba na pua za namba za zamani. Apogee Components wa Colorado Springs wana mabomba, pete na kamba, ila baadhi ya mabomba wameyapa majina yao wenyewe, kwa hiyo linganisha milimita, usifuate jina. Maelekezo yaliyokosekana yatafute Ye Olde Rocket Plans, wamekusanya skani za seti nyingi za zamani za Estes na za Centuri, kampuni nyingine ya roketi za mfano. Chapisha ukurasa wa orodha ya vipande kabla ya kuagiza chochote. Mwaka 2019 Estes walitoa tena Saturn V ya 1/100, seti namba 1969, kwa miaka 50 ya Apollo 11. Kipimo ni kilekile, lakini usidhani vipande vyake vya plastiki vitaingia kwenye toleo lako, pima kwanza.

Kwa wenye seti za Centuri watakaopita hapa: namba za mabomba yao, ST-13, ST-16 na ST-20, zinakutajia kipenyo cha ndani, yaani inchi 1.3, 1.6 na 2.0. ST-16 na BT-60 zimetofautiana kidogo sana, pua hubadilishana kwa msasa au kwa mzunguko mmoja wa utepe wa karatasi. ST-13 na BT-55 hazibadilishani, moja ni mm 34.0 nje na nyingine 33.7, na ndani zinapishana zaidi.

Kuhusu mbonyeo, huhitaji bomba zima. Kata sm 12 za chini, weka kipande kipya na kiungo ndani. Kiungo utakitengeneza kwa bomba lilelile:

1. Kata kipande cha sm 6 cha BT-101.
2. Kipasue kwa urefu, kisha uondoe ukanda wa mm 3.5. Hesabu yake: ukuta wa mm 0.53 mara mbili, mara 3.14, ni mm 3.3, hizo 0.2 ni za gundi.
3. Kiingize kikavu. Kingo mbili zikutane bila kupandana. Zikipandana, punguza kwa msasa, si kwa wembe.
4. Paka gundi ndani ya bomba la zamani, ingiza sm 3, acha ikauke. Kisha paka ndani ya kipande kipya ukiunganishe.

Wakati wa kukata, zungushia karatasi nene yenye ukingo ulionyooka na upitishe wembe mpya mara nyingi kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza ili ukate mara moja, bomba linakaa duaradufu na kata inapotea njia. Kabla ya wembe kugusa kitu, chungulia ndani kwa tochi uone pete ziko wapi. Kama pete ya nyuma iko chini ya mstari wako wa kukata, ujue unatoa kikao chote cha mota.

Pete iliyovunjika usiibandike. Kata mpya ya plaiwudi ya mm 3 au kadibodi ngumu mbili zilizogandishwa: nje mm 98.8, tundu mm 25. Na usitumie gundi ya njano ya mbao kuingizia pete kwenye bomba. Karatasi hunywa maji yake, inavimba, na pete inakwama katikati ya safari. Hapo huirudishi wala huisogezi. Tumia gundi nyeupe iliyopakwa ndani ya bomba mbele ya pete, na usukume mara moja bila kusita.

Mshazari

FundiKalipa kamaliza habari ya mabomba, mimi naongezea ngozi na mnara.

Ngozi zilizopasuka usizitupe, hizo ndizo ramani yako. Weka karatasi nyembamba juu ya ngozi iliyo nzima zaidi, sugua kwa penseli laini iliyolazwa, mbavu zote zitatokea. Hesabu mbavu ndani ya sm 5, gawa, utapata umbali kati ya ubavu na ubavu. Sasa nenda kwa wauzaji wa vifaa vya treni za mfano. Evergreen wanatengeneza shiti za polistairini (aina ya plastiki) zenye mistari iliyopangwa kwa umbali maalumu, wa inchi 0.040 (mm 1.0), 0.060 (1.5) na 0.080 (2.0). Chagua iliyo karibu zaidi na kipimo chako. Kama hakuna inayokaribia, gandisha vijiti vya nusu duara kimoja kimoja juu ya shiti ya mm 0.25, inachukua jioni kadhaa, lakini ukimaliza hakuna atakayejua.

Urefu wa ngozi ni mzingo wa nje wa bomba, yaani mm 314, pamoja na unene wa shiti yenyewe. Shiti ya mm 0.5 inaongeza mm 3 kwenye mzingo, unaifanya 316 hadi 317. Ikate ndefu, izungushe kavu, halafu punguza. Mshono uwe upande uleule wa kirija cha fimbo ya kurushia, macho hayaendi huko.

Gundi hapa ndipo wengi wanapoharibu. Gundi nyeupe haishiki polistairini. Gundi ya plastiki inayeyusha plastiki kwa plastiki, kwenye karatasi haina kazi. Supaglu inashika, ila inakuwa ngumu kama kioo. Bomba likipanuka kwa joto la jua ngozi inabanduka kwa mpigo. Inayofaa ni gundi ya mgusano, ile wanayotumia mafundi viatu, tena ya maji ukiipata. Kama ni ya petroli, paka tabaka jembamba sana pande zote mbili, subiri hadi isinate kidoleni, ndipo ukandamize. Ukiifunga ikiwa mbichi, mvuke hautoki na shiti nyembamba inajikunja mawimbi.

Mnara: huna haja ya kuununua, vipimo vyake viko wazi kwa sababu chombo halisi kinajulikana. Mota ya dharura ya Apollo ilikuwa na kipenyo cha inchi 26, kwako ni mm 6.6. Kimiani cha chini yake kilikuwa na urefu wa kama mita 3, kwako mm 30. Kitako cha chombo cha wanaanga ni mita 3.91, kwako mm 39.1; pima hicho ulichonacho kwanza, kikikubali ujue vipimo vyako vyote viko sawa. Mwili wa mota tengeneza kwa kijiti cha mbao cha mm 6 ukizungushia karatasi hadi 6.6. Miguu minne na vimbavu vya mshazari weka waya wa shaba wa mm 0.8, uchomelee kwa risasi juu ya kipande cha mbao ulichochorea umbo.

Kipanga_Mweusi

Hapo kwenye waya wa shaba sikubaliani, Mshazari. Kanuni za usalama za NAR, chama cha warusha roketi za mfano cha Marekani, zinasema pua, mwili na mapezi viwe vya vitu vyepesi visivyo vya chuma, na hicho ni kichwa cha kitu kinachoweza kushuka kikiwa kimetangulia. Kwa ya kabatini sawa. Kwa ya kuruka tumia vijiti vya polistairini vya mm 1.0 kwa miguu na 0.75 kwa mshazari. Hata kijiti cha mishikaki kilichopasuliwa vipande vinne kinafaa, mwanzi ni mgumu kuliko unavyodhani.

Na mnara usiugandishe moja kwa moja. Toboa tundu la mm 3 kileleni mwa chombo, mnara uwe na mguu wa kuchomeka bila gundi. Roketi ikitua inalala, na kinachogonga chini kwanza ni huo mnara. Ukiwa wa kuchomeka, unachomoka mzima. Ukiwa umegandishwa, unavunjika kwenye vifundo vya chini kila safari. Tengeneza miwili kabisa.

Mshazari

Nakubali hoja ya chuma. Polistairini basi, na badala ya risasi ni gundi ya plastiki inayopakwa kwa brashi nyembamba. Kila kifundo tone moja, halafu usiguse mpaka kesho yake.

Mwale24

Asanteni sana. Ukanda wa karatasi umenipa mm 314 kamili, kwa hiyo ni BT-101, na kitako cha chombo ni mm 39. Nimepima vipande vyote pamoja na mapezi, na nimekadiria gundi na rangi: gramu 305 bila mota. D12-3 itaibeba? Na parachuti ziwe za ukubwa gani, maana sijui zilikuwa ngapi.

FundiKalipa

Itaibeba, ila nafasi si kubwa. Estes wameiwekea D12-3 uzito wa juu wa gramu 396 wakati wa kuruka, mota ikiwemo. Mota ni gramu 43 hivi, unafika 348. Umebakiwa na gramu 48. Sasa rudi kwenye lile bomba nene: gramu 75 zake zingekupeleka 423, umeshavuka. D12-5 isahau. Kwa uzito huu roketi haipandi juu sana, inafika kileleni mapema na kuanza kuinama. Sekunde 5 za kusubiri zitafungua parachuti ikiwa tayari inakuja chini kwa kasi.

Rangi ndiyo mla gramu asiyeonekana. Saturn V ni nyeupe, na nyeupe haifuniki kirahisi, watu hupuliza tabaka sita. Puliza kwanza rangi ya msingi nyeupe, isugue kwa msasa wa 400, kisha tabaka mbili nyembamba. Pima kabla na baada.

Parachuti: kwa gramu 305 na kasi ya kushuka ya mita 4.5 kwa sekunde unahitaji eneo la mita za mraba 0.32. Hiyo ni parachuti moja ya kipenyo cha sm 64, au mbili za sm 45. Mimi ningechukua mbili, kwa kuwa moja ikigoma kufunguka bado una nyingine. Hizo zilizogandana usizibandue. Plastiki ya zamani imeshakuwa na alama za kudumu kwenye mikunjo, na inachanika hapohapo inapofunguka. Mpya zipake poda ya mtoto kabla ya kukunja, na zikunje siku ya kurusha, si wiki kabla.

Lastiki weka mpya, bapa, upana wa mm 6, urefu mara mbili hadi tatu ya roketi. Saturn V ya 1/100 ina kama mita 1.1, kwa hiyo mita 2.5 inatosha. Ukiweka kipande cha uzi wa Kevlar, unaostahimili moto, kutoka kwenye kikao cha mota, kiishie ndani, sm 3 chini ya mdomo wa bomba. Kikitokeza nje, siku parachuti ikichelewa kinapasua bomba kutoka mdomoni kama zipu, na hilo ni bomba ulilolitafuta kwa jasho.

Jambo moja wengi wanalisahau kwenye roketi pana: baruti ya kufungulia parachuti ya D12 haiwezi kujaza bomba lote la mm 100. Tazama kwenye maelekezo kama kuna bomba jembamba linalopeleka moshi kutoka kwenye mota hadi chumba cha parachuti. Kama ni miongoni mwa vilivyopotea, endeleza BT-50 kwa kiungo chake hadi hapo, na kila pete izibwe kwa gundi kuzunguka. Tundu dogo tu likivuja, pua haitoki.

Kuhusu kuruka wima: ingiza vipimo kwenye OpenRocket, ni programu ya bure. Kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha mgandamizo wa hewa (mahali nguvu za hewa zinapokutania) angalau kipenyo kimoja cha bomba, yaani sm 10 kwako. Mapezi ya Saturn V yakifuata kipimo halisi ni madogo mno, kwa hiyo uwe tayari kuongeza uzito kwenye pua. Hizo gramu 48 zilizobaki zina mwenyewe.

Kipanga_Mweusi

Usiiamini kompyuta peke yake. Ikishakamilika, weka mota mpya ndani, parachuti zikiwa zimekunjwa mahali pake, funga uzi kwenye kitovu cha uzito na uubandike kwa utepe, kisha uizungushe juu ya kichwa uwanjani. Ikitangulia pua, vizuri. Ikienda ubavu au kinyume, ongeza gramu 5 puani, rudia. Uzi uwe wa mita 3 na mtu asisimame karibu.

Nahodha_wa_Anga

Hakuna aliyegusa zile mota mbili za zamani. Usizirushe. Baruti ya mota hizi ni bonge lililoshindiliwa ndani ya kasha la karatasi, likashikamana na kuta. Boksi likikaa darini kwenye joto la kiangazi na baridi ya Ohio, kasha na baruti hupanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti hadi vinaachana au bonge linapata ufa. Kwa macho huoni kitu. Ukiwasha, moto unapita kwenye ufa, eneo linaloungua linakuwa kubwa ghafla, na shinikizo linatoa mdomo wa udongo au linapasua kasha lote. Kikao cha mota ulichokitengeneza kinakwenda nacho. Ziloweke kwenye ndoo ya maji siku mbili tatu mpaka karatasi ifunguke na baruti igeuke tope, kisha utupe kama taka nyingine. Nunua mpya.

Kwa wasomaji walio Nairobi, Dar au Muscat: mabomba, pete, ngozi na parachuti ni karatasi, mbao na plastiki, vinasafiri kama kifurushi chochote. Mota ni vilipuzi kwenye makaratasi ya usafirishaji, hazipiti posta ya kawaida, na kuziingiza kunahitaji kibali cha mamlaka ya vilipuzi ya nchi yako. Uliza kibali kwanza, seti baadaye. Na aliye Nairobi, kwenye mita 1,795, azidishe kipenyo cha parachuti alizotaja FundiKalipa kwa 1.1: hewa ya huko ni nyepesi, parachuti ya sm 45 itashuka kwa kasi zaidi kuliko pwani. Weka sm 50.

Mwale24

Mota ziko ndooni tangu asubuhi. Nimeagiza BT-101 moja, BT-50 mbili na viungo vyake. Swali la mwisho, ile mistari ya ond, inayozunguka kama parafujo kwenye bomba jipya, inajazwa kabla au baada ya kuvisha ngozi?

Mshazari

Kabla. Jaza kwa putti ya mbao iliyolegezwa kwa maji hadi iwe kama uji, pitisha kwa kadi ya plastiki kufuata mstari, sugua kwa msasa wa 220 ikikauka. Ila sehemu zitakazofunikwa na ngozi usijaze, gundi ya mgusano hushika karatasi kavu kuliko inavyoshika putti.